Bloku ya chuma kwenye robo maili: yaliyoipata 4G63 baada ya 2007

Mwaka 2007 yalitokea mambo mawili ambayo hayakupangwa pamoja. Japani, Mitsubishi ilizindua Lancer Evolution X, na ukifungua boneti huikuti tena 4G63, injini iliyokuwamo katika kila Evo tangu ile ya kwanza ya 1992. Mahali pake ilikaa 4B11, injini mpya ya alumini. Marekani, NHRA, chama kikubwa cha mbio za dragi nchini humo, kilifunga mfululizo wake wa Sport Compact, ulioanza 2001 kwa ajili ya magari madogo, mengi yao yakiwa ya silinda 4. Mwaka mmoja tu, na injini ile ikawa imepoteza kiwanda kilichoizaa pamoja na jukwaa kubwa lililokuwa likiionyesha.

Ilitakiwa iishie hapo, lakini haikuisha. Mpaka leo, kila Novemba, kwenye mashindano ya World Cup Finals huko Maryland, yapo magari yanayosogea mstarini na injini iliyochorwa miaka ya themanini. Kijiweni ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwamba chuma cha zamani kilikuwa kigumu, basi. Jibu hilo haliniridhishi. Injini ngumu zilizokufa ni nyingi mno. Kisa cha 4G63 kinastahili kufunguliwa kama fundi anavyofungua injini, sehemu baada ya sehemu, mpaka ionekane ni nini hasa kilichoishika hai na ni nini sasa kinachoila.

Kwa asiyezifahamu mbio za dragi: magari mawili yanasimama sambamba kwenye njia iliyonyooka ya robo maili, yaani mita 402. Taa zinashuka, kijani inawaka, kila dereva anaondoka, na anayetangulia kufika mwisho ameshinda. Hakuna kona wala mzunguko wa pili. Gari la kawaida la familia hutumia sekunde 16 au 17 kuumaliza umbali huo. Evo, na Eclipse, gari jingine la Mitsubishi, zenye 4G63 zilizoundwa na mafundi wanaojua kazi yao zimeumaliza chini ya sekunde 8, kwa injini ambayo kiwandani ilitoka na ujazo wa lita 2.

Afrika Mashariki injini hii tunaijua hata wale tusioijua namba yake. Tommi Mäkinen alishinda Safari Rally ya 1996 akiwa na Evo III. Richard Burns akaishinda ya 1998 kwa Carisma GT, ambayo ni Evo kwa jina jingine. Mwaka 2001 Mäkinen akarudi Kenya na kushinda tena. Vumbi lote lile lilipigwa na 4G63. Na kuna Airtrek Turbo-R, gari la kifamilia lililoletwa kwetu kutoka Japani likiwa limetumika, ambalo watu wengi huliendesha kupeleka watoto shule bila kujua kwamba chini ya boneti wamebeba ndugu wa injini ya Mäkinen.

Kwanza tuitazame iliyokufa

Ili tuelewe kwa nini hii ilibaki, tumtazame babu yake katika mchezo huu, injini ya silinda 4 ya Ford. Model A ya 1928 ilikuwa na injini ya lita 3.3 yenye nguvu za farasi 40. Vijana wa California waliipenda kuliko kitu chochote. Waliipakia hedi (kifuniko cha juu cha injini) za Riley na Cragar, wakaifunga kabureta na kamshafti (shafti zinazofungua valvu) za Ed Winfield, wakaikimbiza kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage. Mwaka 1932 Ford ikaiboresha kuwa Model B, farasi 50. Mwaka huohuo, kwenye gari lilelile, Ford ikaweka V8, injini ya silinda 8, ya farasi 65.

Hapo ndipo ilipovunjika. Aliyetumia miezi mingi na fedha nyingi kuiamsha silinda 4 alikuta jirani yake amenunua V8 ambayo haijaguswa na tayari inamkaribia. Na ndani ya injini yenyewe kulikuwa na kikomo. Krenki ya Ford ile, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, ilishikwa na beringi kuu 3 tu, za madini laini ya babiti yaliyomiminwa moja kwa moja kwenye bloku, mwili wa injini wenye silinda. Ukiongeza mizunguko, krenki inapinda katikati na babiti inapondeka. Mwaka 1950 C. J. Hart na wenzake walipofungua njia ya dragi kwenye uwanja wa ndege wa Santa Ana, zama za silinda 4 zilikuwa zimeshapita. V8 ilitawala, na miaka michache baadaye, Chevrolet ilipotoa V8 yake ndogo ya 1955, hata ile V8 ya Ford ikaanza kuaga.

Kwa hiyo injini ya Ford iliuawa na vitu viwili vikishirikiana: mrithi aliyeizidi nguvu tangu siku ya kwanza, na mifupa ambayo haikuweza kubeba nguvu zaidi. 4G63 ilipofika 2007 ilikutana na mrithi pia. Tofauti ilikuwa kwenye mifupa.

Mifupa

Bloku ya 4G63 ni ya chuma cha kusubu. Silinda zake zina kipenyo cha milimita 85 na pistoni husafiri milimita 88, jumla sentimita za ujazo 1,997. Krenki imeshikwa na beringi kuu 5, yaani kila silinda ina nguzo kila upande. Hedi ni ya alumini, yenye kamshafti 2 na valvu 16. Toleo hili la kamshafti 2 lenye turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, lilianza kwenye Galant VR-4 mwishoni mwa miaka ya themanini, kwa kuwa Mitsubishi ilitaka gari la kushindania ubingwa wa rali wa dunia.

Rali ndiyo iliyoamua kila kitu, ingawa wakati ule hakuna aliyewaza dragi. Mhandisi anayechora injini ya rali anajua kwamba itapigwa turbo, itapandishiwa presha, itapashwa moto saa nzima na kurukishwa mawe, kisha kesho yake ifanye tena. Anaacha nyama kwenye chuma, nyama nyingi kuliko inayohitajiwa na gari la kwenda kazini. Nyama hiyo ya ziada ndiyo waliyoikuta vijana wa Marekani walipoanza kuongeza presha.

Wao waliipata kupitia mlango mwingine. Mitsubishi na Chrysler walijenga kiwanda cha pamoja katika mji wa Normal, Illinois, wakakiita Diamond-Star Motors. Kikatoa Mitsubishi Eclipse, Eagle Talon na Plymouth Laser, magari matatu ya damu moja. Toleo la juu lilikuwa na 4G63 ya turbo, farasi 195, na magurudumu yote manne yakivuta. Kwenye dragi hilo la mwisho ni jambo kubwa. Gari la kuvuta mbele, kama Honda Civic za wakati ule, likiondoka kwa nguvu uzito wote unarudi nyuma na matairi ya mbele yanachezea lami. Talon ilishika lami kwa miguu minne na kuondoka. Na bei ilikuwa ya kijana mwenye ajira ya kawaida. Neno hili la bei naomba lisisahaulike, kwa sababu ndipo kisa chote kitakaporudi.

Injini hii ilikuwa na ugonjwa wake pia, na ugonjwa huo ulifundisha kizazi kizima cha mafundi. Zile za mwanzo, mpaka mwaka 1992, flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, inafungwa kwenye krenki kwa bolti 6. Zilizofuata zina bolti 7, na ndani konrodi zake, mikono inayounganisha pistoni na krenki, ni nyembamba zaidi, na hata studi zinazoshika hedi zikashuka kutoka milimita 12 hadi 11. Baadhi ya zile za bolti 7, hasa za Eclipse na Talon za kizazi cha pili, zilipatwa na kile ambacho mafundi walikiita krenki kutembea. Beringi inayoizuia krenki isiteleze mbele na nyuma inalika, krenki inaanza kusogea ndani ya bloku, na dereva anaona klachi inabadilika mguuni gari linapokata kona. Akipuuza, injini nzima imekwenda.

Dawa yao ilikuwa kurudi nyuma. Mtu mwenye gari la 1995 alikwenda yadi ya magari mabovu kutafuta injini ya 1990, akaichomoa na kuipandikiza kwenye gari jipya. Likumbukwe hilo: miaka mingi kabla ya 2007, watu wa mchezo huu walikuwa wameshazoea kuamini kwamba injini ya zamani yaweza kuwa bora kuliko mpya, na walikuwa na ushahidi mezani. Mrithi alipokuja hawakuwa watu wa kushawishiwa na tarehe ya kutengenezwa.

Binamu wa lita 2.4

Hapa ndipo ninapoona siri kubwa ambayo maongezi ya kijiweni huiruka. 4G63 haikuwa peke yake. Ilikuwa na binamu, 4G64, ya lita 2.4, iliyotiwa kwenye magari ya kawaida na pikapu za kazi, bila turbo na bila sifa. Kipenyo cha silinda zake ni milimita 86.5 na mwendo wa pistoni ni milimita 100. Hedi ya 4G63 inakaa juu ya bloku yake.

Fundi akiwa na bloku mbili na krenki mbili zinazokubaliana, anakuwa na injini nne. Tuhesabu. Kutoka katikati ya krenki hadi uso wa juu wa bloku ni milimita 229 kwa 4G63, na milimita 235 kwa 4G64. Konrodi ya kiwandani ina milimita 150. Ukiweka krenki ya mwendo wa 100 ndani ya bloku ndogo, pistoni itatokeza juu kwa milimita 6, hivyo unaagiza pistoni ambayo pini yake imepandishwa, nawe unapata karibu lita 2.3. Ukifanya kinyume chake, krenki fupi ya mwendo wa 88 ndani ya bloku ndefu, unapata milimita 6 za nafasi, unaijaza kwa konrodi ya milimita 156, na ujazo unakuwa karibu lita 2.1.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Kwa sababu kwenye robo maili kuna njia mbili za kupata nguvu na zote zina gharama. Krenki ndefu inaamsha turbo mapema na kusukuma gari kwa nguvu kutoka chini, lakini kwa mizunguko 10,000 kwa dakika pistoni zake husafiri kwa wastani wa mita 33 kwa sekunde, na konrodi inavutwa mpaka inalia. Krenki fupi kwa mizunguko hiyohiyo inakwenda mita 29 kwa sekunde, na konrodi ndefu inaisukuma pistoni ikiwa imenyooka zaidi, kwa hiyo ukuta wa silinda unasuguliwa kidogo. Mwenye turbo kubwa sana, inayochelewa kuamka, huchagua mizunguko. Mwenye gari la kutembelea mjini na kushindana wikendi huchagua krenki ndefu.

Ubishi huo umewashughulisha watu kwa miaka thelathini, na wakati wanabishana wamekuwa wakipima, wakivunja, wakiandika na kufundishana. Jimbo la Ohio, Marekani, likawa kama madrasa ya elimu hiyo. David Buschur, mwenye karakana Wakeman, aliwakusanya wenye magari haya kwenye uwanja wa Norwalk kwa mashindano yao wenyewe, yaliyoitwa Shootout. John Shepherd naye alijenga jina kwa giaboksi za magari haya, maana injini ilipovuka farasi 600, kilichofuata kuvunjika kilikuwa gia. Kila kiungo dhaifu kikapata mtu wake wa kukishughulikia. Shafti mbili za kusawazisha mtetemo, ambazo ni fahari ya Mitsubishi kiasi kwamba Porsche ililipia haki ya kuzitumia kwenye 944 yake, wao walizitoa na kuziba matundu. Mkanda mdogo unaoziendesha ukikatika huweza kuingia kwenye mkanda mkubwa wa kamshafti, na hapo valvu zinakutana na pistoni.

Kwa nini 2007 haikuua

Turudi sasa kwenye mwaka wenyewe. Katika mfululizo wa Sport Compact zilikuwepo fedha za viwanda. General Motors iliingia na Ecotec, injini yake mpya ya silinda 4, na wahandisi wake wakaifikisha juu ya farasi 1,000. Waliweka mmoja wa watu wakubwa wa fani hii, John Lingenfelter, kwenye Chevrolet Cavalier. Oktoba 2002 alipata ajali mbaya huko Pomona, na Desemba 2003 akafariki dunia. Ilikuwa huzuni kubwa, kwa sababu wachache walikuwa na mkono wa fundi na mguu wa dereva kama yeye.

Fedha za kiwanda zina sharti moja ambalo halisemwi kwa sauti: injini inayoshinda lazima iwe ile iliyoko dukani. Hakuna kampuni itakayolipa matangazo ya injini ambayo haiuzi tena. Mfululizo ungeendelea kwa miaka mingine kumi kwa fedha hizo, naamini 4G63 ingesukumwa pembeni taratibu na timu zenye mikataba. Ulipofungwa, wenye mikataba wakaondoka na mahema yao. Walioachwa ni wale ambao hawakuwahi kulipwa na mtu, wanaojenga gari jioni baada ya kazi kwa mshahara wao. Mtu wa aina hiyo hajali dukani kuna nini. Anauliza: bloku inapatikana wapi, bei gani, na nani ameshavunja zipi ili nisirudie kosa lake? Kwa maswali hayo matatu, 4G63 ilikuwa na majibu kuliko injini yoyote ya silinda 4 iliyokuwa sokoni. Kufungwa kwa jukwaa kubwa, jambo lililoonekana kama msiba, kulimwondoa mshindani ambaye angeishinda.

Na mrithi? 4B11 si injini mbaya, na wanaoidharau wanaionea. Ilitokana na ushirikiano wa Mitsubishi, Chrysler na Hyundai, injini ya msingi mmoja kwa magari mengi. Kipenyo na mwendo ni milimita 86 kwa 86. Kamshafti zinaendeshwa kwa mnyororo badala ya mkanda. Bloku ya alumini iliipunguzia uzito wa takriban kilo 12 ikilinganishwa na 4G63, na kwa gari la kona hizo ni kilo za dhahabu, kwa kuwa zinatoka puani. Barabarani Evo X ni gari la kupendeza kuliko nduguze wakubwa.

Ila kwenye robo maili kilo 12 si bei ya kutosha kumfanya mtu atupe miaka kumi na mitano ya elimu. Kwa mnunuzi wa Marekani, Evo IX ilitangazwa kwa farasi 286 na Evo X kwa farasi 291. Tano tu. Hebu ukumbuke Ford ya 1932, farasi 50 dhidi ya 65, tofauti ya karibu theluthi. Pale mrithi alifika akiwa ameshashinda. Hapa alifika akiwa sawa, akiwa ghali, na bila maktaba nyuma yake. Mtu angeanza upya kutafuta ni presha gani inayopasua ukuta, ni studi ipi inayoishika hedi, ni konrodi ipi inayopinda. Wapo waliofanya hivyo, nami nawaheshimu, na 4B11 zao zinakwenda kwa kasi kubwa. Wengi hawakuona sababu.

Zege ndani ya injini

Kuna kazi moja inayofanywa kwenye bloku hizi ambayo inaeleza kwa nini dragi na chuma cha kusubu vilipatana hivi. Presha ya turbo ikipanda sana, kuta za silinda huanza kutetemeka na kuvimba kidogo. Gasketi ya hedi inashindwa kuziba, au ukuta wenyewe unapata ufa. Mafundi wakachukua uji maalumu wa aina ya saruji, wakaumimina ndani ya njia za maji za bloku, wengine nusu, wengine mpaka juu, wakauacha ukauke. Silinda zikawa zimezikwa kwenye jiwe.

Kwa injini ya barabarani huo ungekuwa wendawazimu, maana maji ya kupoza hayana tena pa kupita. Lakini gari la dragi linafanya kazi yake kwa sekunde 8, linaburutwa kurudi hemani, linapumzika. Mafuta yenyewe yanasaidia kupoza: ethanoli, na zaidi yake methanoli, huyeyuka kuwa mvuke ndani ya injini na kubeba joto kubwa. Kwa njia hiyo bloku iliyosubiwa kwa ajili ya farasi 200 ikaweza kupitisha farasi 1,000 na zaidi kwenye magurudumu. Huu ni ufundi wa watu wasio na maabara, na kila nikiufikiria nawaona mafundi wetu wa Gerezani, Dar es Salaam, na Kirinyaga Road, Nairobi, wanaoifufua injini kwa kile kilicho karibu na mkono. Tofauti ni kwamba wale wa Ohio waliandika walichokifanya.

Kinachoila sasa

Hadi hapa ni habari njema, lakini kisa kina upande wa pili, ambao ndio unaonisukuma kuandika.

Kiwanda cha Normal kilifungwa Novemba 2015, na leo majengo yale yanatengeneza magari ya umeme ya Rivian. Talon na Laser zilizoundwa humo zimeoza kwa chumvi ya barabara za baridi, zimesagwa, zimeuzwa kilo. Bloku ya bolti 6 changa kuliko zote ina zaidi ya miaka thelathini. Yadi ambazo zamani ulichagua bloku kama mtu anavyochagua nazi, ukizigonga na kuzisikiliza, sasa huikuti hata moja. Za Evo zipo, ila Evo yenyewe imekuwa gari la kuwekwa na matajiri kama akiba, na hakuna anayeichinja kwa ajili ya injini.

Soko likajibu kwa njia yake. Vipo viwanda vinavyochonga bloku mpya ya 4G63 kutoka pande moja zima la alumini, nyingine bila njia za maji kabisa, zenye kuta nene kuliko zilivyowahi kuwa za chuma. Kwa anayesaka rekodi hilo ndilo jibu. Injini ya namna hiyo ina krenki iliyochongwa upya, konrodi mpya, pistoni mpya, bloku mpya, na mara nyingine hata hedi mpya. Kinachobaki cha Mitsubishi ni vipimo: matundu ya studi yako palepale, kamshafti ziko palepale. Wengine husema hiyo si 4G63 tena. Mimi nasema ni 4G63, kwa kuwa kila kipimo kile kililipiwa kwa injini iliyovunjika ya mtu fulani, na elimu ile ndiyo inayokimbia.

Ninachokililia ni kile kiti cha chini, nafasi ya anayeanza bila fedha nyingi. Bloku ya namna hiyo, kabla hujaweka hata pistoni moja ndani yake, inagharimu kuliko gari zima alilonunua kijana wa 1998. Injini iliyobaki hai kwa sababu ilikuwa rahisi, sasa inabaki hai kwa kuwa ghali. Kijana anayeanza leo akiuliza, anaambiwa atafute K24, injini ya Honda, lita 2.4, ya alumini, iliyotoka kwenye CR-V na Accord kwa wingi usiohesabika. Ushauri huo ni sahihi, na mimi mwenyewe ningempa uleule. Injini za Honda za mfululizo wa B zilizotangulia, zilizofunza vijana wengi mbio hizi, tayari zimeanza kupita njia ileile ya 4G63: zinapendwa, zinakimbia, na bloku nzima haipatikani kwa bei ya mtu wa kawaida. Siku yake itafika, K24 nayo itaadimika.

China injini za ukoo huu ziliendelea kutengenezwa muda mrefu baada ya 2007 na kampuni ya ubia ya Mitsubishi, huko Shenyang, kwa ajili ya magari ya kampuni za huko. Ni ukumbusho kwamba kuadimika kwa Illinois si kuadimika kwa dunia nzima. Wanaotafuta bloku wangefanya vema kutazama upande huo, na pia upande wa 4G64 za pikapu kuukuu ambazo hakuna anayezililia, maana ile hesabu ya milimita 235 bado inafanya kazi.

Kwa mwenye bloku ya bolti 6 leo, popote alipo, chuma kilichobaki ni hesabu fupi. Silinda ikitoka kiwandani ni milimita 85. Ikilika inaboliwa kufika 85.5. Ikilika tena, 86. Kila mara ukuta unakonda, na kila fundi aliyetangulia amekula sehemu ya chuma ambacho hakirudi. Asiipeleke kwenye mashine kabla ya kupima unene wa kila ukuta kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, silinda zote 4, juu na chini, pande zote nne, kwa sababu kalibu za kusubu zilisogea na ukuta mmoja huwa mwembamba kuliko mwenzake. Achonge kiasi kidogo kuliko vyote kinachotosha kuipata silinda duara. Kisha aviandike vipimo vile kwenye karatasi na kuihifadhi pamoja na injini, kwa ajili ya atakayeifungua baada yake.